Mlango wa Gereji ya Mzee Hal

Keza mwanangu,

Mama yako na wadogo zako wako kanisani na wanakwaya wanakuaga, na wewe uko katikati yao umevaa lile gauni la kitenge walilokushonea. Mimi niko jikoni. Nimewaambia watu kwamba nina mafua. Sina mafua yoyote. Jua bado lipo, watoto wa majirani wanacheza mpira kwenye maegesho hapa chini, na mimi mtu mzima nimejifungia ndani kwa sababu naona haya kuwatazama watu wa kanisa letu usoni.

Mambo ya koti la baridi, ya kula vizuri, ya kutopokea simu za watu usiowajua, mama yako ameshayasema yakaisha, akayaanza upya. Mimi sitayagusa. Nilichokaa kukuandikia ni kingine. Nilikuambia kwamba kesho asubuhi sitakuwepo wakati unaondoka kwenda Buffalo, ati nimepangiwa zamu. Sikupangiwa, niliiomba mwenyewe. Msimamizi aliniuliza, "Jumamosi? Si ndiyo siku anayoondoka binti yako?" Nikamjibu ndiyo, niandike. Kwa hiyo kama ulidhani ni kazi, si kazi. Ni mimi na kichwa changu.

Wewe ulijibu kwa Kiingereza chako kile kifupi kwamba hakuna shida, ukaendelea kukunja nguo. Mama yako hakuwa mpole hivyo. Tulipobaki wawili alinigeukia na Kiswahili chake cha Bukavu: "Bon, Baba Keza, nuna tu. Lakini mutoto anaenda kesho. Donc, utabakia kumununia nani, mimi?" Nikaenda kuosha gari, na gari lilikuwa safi.

Wacha nianzie mwezi wa tano, maana ndipo nilipoharibu. Ulikuja na simu mkononi ukaniambia chuo cha hapa Louisville kimekukubali usomee uuguzi. Ulikuwa bado unaongea. Ulikuwa unasema kuna chuo kingine Buffalo, kuna masomo ya masikio na usikivu, bado unafikiria. Mimi sikusikia hayo. Nilishasikia neno "uuguzi" na tayari nilikuwa nampigia mchungaji. Jumapili yake nikawavalisha nyote sare, tukatembea mbele kwa kucheza na sadaka ya shukrani, mimi natangulia na kreti ya soda begani kama kijana. Nikapewa maikrofoni. Nikasema Mungu aliyekuwa nasi kambini Kigoma ndiye huyuhuyu wa Kentucky, na leo ametupa nesi. Watu wakapiga vigelegele. Mama mmoja alikufunga kitenge kipya kiunoni palepale, na wazee wakaanza kukuita daktari. Wewe ulisimama pembeni yangu umekunja mikono, na mimi nikadhani ni aibu ya msichana.

Kwenye gari, kabla hatujafika hata taa ya kwanza, ukasema, "Baba, mimi sikusema ndiyo."

Kwa Kiswahili ulisema. Wewe ambaye ukikasirika hukimbilia Kiingereza, siku hiyo ulinisemesha kwa Kiswahili ili nisipate pa kujificha. Nikakufokea. Nilisema maneno ya baba aliyeaibika, kwamba umenivua nguo mbele ya watu, wakati mimi ndiye niliyekuvalisha nguo ambayo hukuiomba. Tangu hapo kila Jumapili mtu ananishika bega: "Baba Keza, nesi wetu anaanza lini?" Nami najibu, "Bado kidogo." Nimeanza kutoka kanisani kabla ya sala ya mwisho. Nimeishi miezi hii mitatu nakupita ukumbini bila neno la maana, nakuuliza kama taa ya bafuni imezimwa.

Sasa, leo mchana nimetoka kazini nikapita njia ya nyumba ya Mzee Hal. Sikuwa na sababu ya kupita kule, mikono tu iligeuza usukani. Ile nyumba imeuzwa, wamepaka rangi nyeupe, wameng'oa ule mteremko wa kiti cha magurudumu tuliouweka. Na gereji imefungwa. Miaka yote niliyofanya kazi pale sijawahi kuuona ule mlango umeshushwa. Nikasimamisha gari nikautazama mpaka mtu akachungulia dirishani. Nikarudi nyumbani nikatafuta karatasi.

Wewe unamjua Mzee Hal kwa upande wako. Acha nikukumbushe kwa upande wangu.

Nilipoacha kupanga maboksi ghalani kwa sababu ya mgongo, nikaenda kozi ya kulea wazee majumbani, na mteja wangu wa kwanza alikuwa yeye. Waliniambia tu, "Ni profesa, zamani alikuwa rubani wa jeshi la majini, anaishi peke yake, wasaidizi wengine wamemkimbia." Nikaingia. Akanipigia kelele. Weee! Nilidhani nimekanyaga kitu. Nikarudi nyuma mpaka mlangoni. Akapiga kelele zaidi, na mimi kwa kuchoka na maisha nikapiga kelele pia, kwa Kiswahili, kwamba sikuja hapa kutukanwa. Akatulia, akatabasamu, akaonyesha sikio. Hakuwa ananifokea. Alikuwa kiziwi wa sikio moja, na la pili lilikuwa linaelekea hukohuko, na mtu wa namna hiyo huongea kwa sauti ya kujisikia mwenyewe. Kilichomfurahisha ni kwamba kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi alikuwa amemsikia mtu vizuri. Toka siku hiyo tuliongea kwa kufokeana. Jirani alikuja siku moja kuuliza kama aite polisi, akatukuta tunabishana kuhusu chumvi kwenye mayai.

Kumwogesha ilikuwa shida. Mtu aliyetua na ndege usiku juu ya meli iliyokuwa inayumba, leo aje Mrundi asiyemjua amwambie inua mkono! Alikataa. Nikamwambia, "Mzee, kwetu baba akizeeka anaogeshwa na mtoto wake wa kiume. Baba yangu alibaki Burundi nikiwa mdogo, sikuipata hiyo kazi. Nipe wewe." Halafu akainua mkono. Tangu hapo akaanza kuniita kwa jina langu, na mimi nikamwita Mzee, na hilo neno alilipenda, alikuwa analitamka kwenye simu kwa watu wa benki ili wajue wanaongea na nani.

Shule ilipofungwa nikawa naenda nawe, kwa kuwa mama yako alikuwa zamu ya mchana kiwandani. Ulikuwa na miaka kumi na kitu hivi, umekonda, hutaki kuongea na mtu. Yeye hakukubembeleza. Alitoa kwenye droo kile chuma chenye meno mawili kinacholia ukikigonga, akakigonga kwenye mkono wa kiti, akakuwekea kitako chake kwenye mfupa nyuma ya sikio. Ulitoa macho. Ulikuja mbio jikoni ukaniambia, "Baba, mfupa unasikia!" Mimi nilikuwa nakaanga mayai, nikasema vizuri, kaa mbali na mafuta. Kumbe safari yako ya kwenda Buffalo ilianzia hapo, nami nilikuwa naangalia sufuria.

Halafu ile ya sinia. Aliomba sinia la chai likawa meli, kichupa cha chumvi kikawa ndege. Akakueleza kwamba juu ya meli hakuna nafasi ya ndege kukimbia, kwa hiyo inafungwa kwenye mtambo unaoivuta kwa nguvu na kuitupa hewani. Rubani akiwa tayari anapiga saluti. Kuna mtu amesimama pale chini, kwenye sitaha. Yule anatazama mbele, anatazama nyuma, anahakikisha hakuna kilicholegea. Kisha anapiga goti, anagusa sitaha kwa mkono, ananyoosha ule mkono kuelekea baharini. Ndipo ndege inaondoka.

"Na rubani asipopiga saluti?" ukamuuliza.

"Hakuna anayekwenda popote!"

"Na yule wa chini, naye anaruka lini?"

Akakufokea kwa upendo, "Haruki! Kazi yake ni kubaki. Ila bila yeye hatuondoki."

Basi ikawa ndiyo kwaheri yenu. Kila jioni nikikuita twende, ulisimama mlangoni ukapiga saluti, naye akainama kwenye kiti chake aguse sakafu. Mkono haukufika. Aligusa gurudumu, akanyoosha kidole barabarani, na wewe ukatoka mbio mpaka kwenye gari. Mimi nilikuwa nyuma yako nimebeba mifuko, naona mchezo wa mtoto na mzee.

Kuhusu gereji tuligombana kweli. Jioni ya kwanza nilishusha mlango kwa ajili ya wezi. Alisikia mtikisiko, sijui kwa mfupa gani, akapiga ukelele uliowatoa ndege mtini. Niufungue! Hata wakati wa theluji aliutaka wazi, majani yanaingia, paka wa mtaa wanazalia mle. Siku moja nikamuuliza, "Mzee, kwa nini lakini?" Akajibu, "Ili mtu akitaka kutoka, atoke!" Nikafikiri anaogopa moto. Wazee wengi wanaogopa moto. Sikumuuliza tena.

Akafariki vuli iliyopita, hospitalini, bila kelele. Dada yake, Bibi Ruthu, akanipigia kutoka Westerville, kule kaskazini mwa Columbus, mji ambamo Mzee Hal alifundisha chuo miaka yake yote ya uprofesa. Akanishukuru. Akasema mwili utachomwa, kisha baada ya majuma kadhaa kutakuwa na ibada ya kumkumbuka hukohuko. Nilimwelewa vizuri sana, ila sikukubali. Nilimwambia mama yako, "Yule bibi yuko peke yake na msiba, majuma yote hayo?" Mama yako akashika kichwa: "Yesu wangu. Hata mutu wa kumupikia chai hana?" Hapo hakukuwa na mjadala. Tukapiga simu kwa wanakwaya.

Unakumbuka tulivyojaa kwenye lile basi dogo la kanisa? Magodoro juu, masufuria ya sombe, yale majani ya muhogo, na maharage miguuni, mzee wa kanisa mbele ameshika Biblia na chupa ya chai. Tukafika Westerville mtaa mzima kimya, nyasi zimenyolewa. Bibi Ruthu akafungua mlango na ndara zake, rimoti ya televisheni mkononi. Akatutazama. Akayatazama magodoro. Akakuuliza wewe, kwa upole kabisa, kama tumefukuzwa nyumba.

Nilitaka ardhi inimeze. Wewe ndiye uliyetuokoa. Ulimweleza kwamba kwetu mwenye msiba halali peke yake, kwamba watu hawa wamekuja kukaa chini naye, na chakula wamekuja nacho, yeye asifanye lolote. Yule bibi akafungua mlango wote. Akasema, "Viatu mviache hapo." Ndiyo yote. Jirani yake alipokuja kuchungulia, akamwambia ni familia. Usiku akina mama walipotandika sebuleni, naye akashuka na blanketi lake akalala kwenye kochi katikati yao, akakoroma kuliko wote.

Siku ya pili yake mzee wa kanisa akauliza, kama ilivyo desturi, "Wasifu wa marehemu atausoma nani?" Tukatazamana. Sisi tulimjua Mzee Hal wa kwenye kiti. Bibi Ruthu akasema haujaandikwa, lakini anaweza kueleza, na wewe ukakaa kwenye mkeka karibu na miguu yake ukawa unatafsiri. Ulikuwa unatafsiri vizuri, sijui kama niliwahi kukuambia. Hukuongeza chumvi.

Tukasikia kwamba walizaliwa hapa Louisville, katika nyumba ileile ambayo Hal aliirudia alipostaafu. Kwamba baba yao alikuwa mtu wa kiwandani, na Hal alipopata kuwa rubani wa majini, baba alichanganyikiwa kwa furaha. Picha ya kijana na kofia yake ya urubani ikawa kwenye ukuta wa kinyozi, kwenye duka la mikate, na kanisani. Hukuweza kupita mtaani na yule baba bila yeye kusimulia ndege. Hal akaruka miaka mingi, akaenda vitani, akarudi. Ila ngurumo za zile injini zilikuwa zinamla sikio, na akaficha. Kwenye vipimo alikuwa anabahatisha. Mpaka usiku mmoja anatua, wanamwambia kwenye redio asitue, apande juu, na yeye hakusikia. Nusura aue watu, ilibaki upana wa kiganja. Asubuhi yake akaenda kwa daktari wa jeshi akasema mwenyewe: sisikii. Wakampa meza na karatasi. Akaona bora aondoke, akaanze chuo Columbus na vijana waliomwita mjomba, asome jinsi sikio linavyokufa na namna ya kulizuia. Ndiyo uprofesa wake wote huo.

Baba yake hakumsamehe. Si kwa kuumwa sikio. Kwa zile picha ukutani. Angewaambia nini watu wa kinyozi?

Siku Hal anaondoka kwenda Columbus, mama yao alitoka kibarazani, Ruthu akatoka. Baba alikuwa gereji, mlango umeshushwa, anatengeneza mashine ya kukata majani. Hal akapiga honi. Akasubiri. Akapiga tena. Mlango haukupanda, naye akaondoka. Na kabla mwaka haujaisha yule baba alianguka ghafla, akafa, Hal akarudi kwa maziko.

Kisha Bibi Ruthu akasema lile jambo. Kwamba siku ile yeye, msichana wa umri kama wako, alizunguka nyuma ya nyumba akachungulia dirisha dogo la gereji. Mashine ya majani ilikuwa imekaa pembeni, haijaguswa. Baba alikuwa amesimama nyuma ya mlango, mkono wake uko kwenye kitasa cha kuuinulia. Honi ya kwanza, mkono uko pale. Honi ya pili, mkono uko palepale. Gari likaondoka. Na Ruthu hakuwahi kumwambia kaka yake, maisha yote, akiogopa kumwongezea machungu. Wewe ulitafsiri mpaka kwenye "mkono uko palepale" ukashindwa kuendelea, na Bibi Ruthu akakuwekea kiganja kichwani. Akina mama wakaanza kulia kilio chenyewe sasa. Mimi nikakumbuka ule mlango na majani na paka, na jibu alilonipa.

Sasa sikia upumbavu wa baba yako. Tulipokuwa tunarudi, kwenye basi, nikasema kwa sauti kila mtu asikie: "Yule baba alikuwa mtu mgumu. Mimi nisingeweza kabisa." Wewe ulikuwa umekaa kiti cha nyuma. Haikupita hata mwaka, mwezi wa tano nikabandika picha yako ukutani kanisani kwa maikrofoni, na mwezi wa nane nikaomba zamu. Hadithi niliisikia kwa masikio yangu mawili mazima, ikatafsiriwa na mwanangu mwenyewe, na bado nikaenda kusimama nyuma ya mlango. Nakuambia hivi si ili unionee huruma. Nataka ujue jambo hili halihitaji mtu mbaya. Nilikuwa naosha gari, nakula, naenda kazini, na mkono uko kwenye kitasa.

Na Buffalo yenyewe, nikwambie ukweli, siipendi. Ndiko tulikoshukia kutoka kambini, Lower West Side, ghorofa ya juu, upepo unaingia kwenye madirisha, wewe umebebwa mgongoni na mama yako umefungwa mablanketi mpaka hujulikani. Nilipata kazi ya kiwanda. Kiingereza sikujua, na niliona aibu kuonekana sijui, kwa hiyo kila nilichoambiwa nilisema ndiyo. Umeelewa? Ndiyo. Unaweza? Ndiyo. Siku moja mkubwa wa zamu akanieleza kitu kirefu kuhusu mashine, nikasema ndiyo, nikabonyeza nisichotakiwa, na kijana wa Kiburma aliyekuwa upande wa pili nusura mkono wake ukatwe. Hakuumia, ashukuriwe Mungu. Mimi nilifukuzwa, na ilikuwa haki. Mjomba wako Eliya akatuita huku Newburg, Louisville, nikaanza upya.

Nilimsimulia Mzee Hal kisa hicho siku moja namkata kucha. Akafoka kwa nguvu kuliko siku zote: "Basi mimi na wewe ni wamoja!" Akacheka mpaka nikaacha kucha. Yeye rubani, profesa, mimi mtu wa kambini, tumefanya kosa lilelile moja. Tuliogopa kusema hatujasikia. Kwa hiyo huko darasani mtu akisema kitu usikielewe, mwambie arudie. Akichoka, mwambie arudie tena. Wakikucheka watacheka na kunyamaza. Hilo tu ndilo ninalolijua kwa hakika kuhusu masomo yako.

Na kwangu ni hivyohivyo. Mwezi wa tano ulisema, sikusikia. Naomba urudie. Ukifika niambie tena, polepole, hiyo elimu ya masikio ni nini na utakuwa nani ukimaliza, ili watu wakinishika bega nijue la kusema. Nimefikiria kusimama kanisani Jumapili ijayo, niombe maikrofoni, niseme Keza hakwenda kuwa nesi, niliwatangazia neno ambalo halikuwa lake. Safari hii nakuuliza kwanza. Niseme, au ninyamaze? Ukisema ninyamaze, nitanyamaza, na hiyo itakuwa mara ya kwanza.

Nisamehe, mama. Nimekunyima neno zuri miezi mitatu na ilikuwa ya mwisho ya wewe kulala kwenye nyumba hii. Kitanda chako kikiwa tupu sijui nitamuuliza nani kuhusu taa ya bafuni.

Mtapita Columbus mchana. Bibi Ruthu amesema msithubutu kupita bila kula kwake, amejifunza kupika wali usiogandamana, anataka umwone. Amesema pia magodoro mawili tuliyosahau bado yapo, na kwamba kutoka Buffalo, kwake ni karibu kuliko huku.

Nimeshampigia msimamizi, zamu amepewa mtu mwingine. Barua hii naiweka juu ya begi lako uikute mkirudi, halafu nitajifanya nimelala, maana kuongea haya mdomoni siwezi, utanifanya nilie mbele ya wadogo zako.

Kesho mjomba Eliya akishapakia mizigo, asiwashe gari kwanza. Mimi nitakuwa kwenye maegesho, pale mbele, karibu na pipa la taka, nimevaa shati langu la kanisani. Sitakuwa ndani, wala nyuma ya mlango wowote. Nitaangalia mbele, nitaangalia nyuma, nitahakikisha buti imefungwa. Ukiwa tayari, unajua la kufanya. Majirani wakicheka wacheke.

Nami nitapiga goti niguse lami. Nikichelewa kuinuka usishuke kunisaidia, ni magoti tu. Wewe nenda.

Baba Keza